Pete Kuukuu za Mzee Fungua

Tarehe 30 Juni, fundi wa karakana ya vifaa vya kuzamia anastaafu baada ya kuitumikia idara yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Wengi wenu mnamjua kwa jina la Mzee Fungua. Zamani aliitwa Mzee Titani, na kisa cha majina hayo mawili ndicho kisa cha kazi yake.

Kamati ilimwomba karani wa ghala aandike wasifu huu kwa sababu, walisema, ana mwandiko mzuri. Walisahau, au walijifanya wamesahau, kwamba karani huyo ni mjane wa mzamiaji aliyefia kazini, na kwamba kwa miaka tisa hakumsalimia mstaafu.

Mzee alianza kwa kuosha mitungi ya hewa. Vifaa vya kupumulia wakati ule vilikuwa vya shaba, vizito, na chumvi ya bahari ilivitafuna. Yeye ndiye aliyeandika barua juu ya barua akitaka vya titaniamu, mpaka wakubwa wakachoka naye wakanunua sita. Vilipofika alizunguka navyo ofisi hadi ofisi, akimpa kila mtu cha shaba mkono huu na cha titaniamu mkono ule, hata mhudumu wa chai ambaye hajawahi kulowesha kisigino baharini. Havishiki kutu, havichoshi shingo. Aliringa mwezi mzima, na jina la Mzee Titani likamganda.

Hata hivyo hakuwa mtu wa kusifia tu. Visu vya titaniamu alivikataa kwa kuwa havidumu na makali. Mpishi wa kantini alipewa kimoja ajaribu, akakirudisha kabla kitunguu hakijaisha. Na kwenye mitungi iliyoongezewa oksijeni hakuruhusu titaniamu isogee, maana madini hayo yakikutana na oksijeni nyingi yanaweza kushika moto. Mkuu wa idara alipolazimisha, mzee alifunga kabati akaenda nyumbani na ufunguo. Barua ya onyo aliyopewa ameitia kwenye fremu, na bado imetundikwa karakanani.

Ubaya mmoja tu wa titaniamu hakuuona. Shaba ikichakaa hukuonyesha: inageuka kijani, nawe unaifungua. Titaniamu hung'aa mwaka wa saba kama ilivyong'aa mwaka wa kwanza, huku pete za mpira zinazozuia hewa ndani yake zikikauka na kupasuka kama za kifaa kingine chochote. Miaka tisa iliyopita mzee alishika kifaa cha mzamiaji mmoja, akakigeuzageuza, akaandika kwenye daftari la ukaguzi: safi. Siku tatu baadaye pete ilikatika chini ya gati, hewa ikamwagika yote. Mzamiaji huyo alikuwa mume wangu.

Kamati inataka nafsi ya tatu. Nimejaribu.

Kwenye uchunguzi, daftari lilikuwa upande wake. Hakuna ambaye angeweza kuthibitisha lolote. Alisimama bila kuulizwa.

"Sikukifungua," alisema. "Niliona kinang'aa."

Alivuliwa ukuu wa karakana, na hakuomba kurudishiwa. Mimi nilirudi kwenye dirisha langu la ghala, na tangu hapo nikawa napokea karatasi zake bila kuinua macho.

Ndipo akawa Mzee Fungua. Kila kifaa cha titaniamu, kinang'aa au haking'ai, alikifungua kila baada ya miezi sita, na neno hilo aliwaimbia mafundi wenzake mpaka wakamkimbia. Hatujapoteza mzamiaji mwingine. Kila alipomaliza kimoja, aliniletea dirishani kifuko cha plastiki chenye pete kuukuu, tarehe na namba ya kifaa. Nilisaini, nikatupia kwenye boksi. Nilidhani ni utaratibu wa kazi, na ulinikera.

Wiki iliyopita, nikiandaa makabidhiano, nilisoma mwongozo wa karakana mwanzo hadi mwisho. Hautaji kifuko popote; unataka saini tu. Niliwauliza mafundi, wakasema hakuna aliyewahi kuagizwa kitu kama hicho. Nikashusha maboksi nikahesabu. Vifuko mia moja na nane. Miaka yote hiyo alikuwa ananionyesha mimi, mimi peke yangu, kwamba amefungua. Nililia mle ghalani mpaka saa ya chakula ikapita.

Ijumaa alileta cha mwisho. Sikumngoja dirishani, nilitoka mlangoni.

"Shikamoo, fundi," nikasema.

Alitazama kifuko mkononi mwake.

"Marahaba, shemeji."

Ndivyo alivyokuwa akiniita enzi za mume wangu.

Sijui kama huko ndiko kusamehe. Ziko asubuhi ambazo hasira bado inaamka kabla yangu. Lakini salamu nimeitoa, na sitaifuta.

Asante, fundi, kwa miaka thelathini na mmoja. Idara nzima inakuombea afya, usingizi mzuri na wajukuu wanaosikia wakiambiwa. Nimeomba, na mkuu amekubali, mwongozo uongezewe sentensi moja: pete kuukuu za kila kifaa zipelekwe kwa karani wa ghala. Nitakuwepo dirishani kuzipokea, na yeyote atakayezileta nitamwinulia macho.