Bi Johari Amri na Isaka Wawili

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 2006, Bi Johari Amri anastaafu baada ya kutumikia miaka kumi na minane katika kituo chetu cha uchapaji na intaneti, hapa Utemini, mjini Singida. Jumatatu kiti chake kitakuwa changu, mimi niliyeishia darasa la saba, na tangu niambiwe hivyo usingizi umenikimbia.

Alianza mwaka 1988 kwa mashine ya taipu, akipiga barua za wafanyabiashara. Biashara huria ilipotuletea kompyuta, wenzake walizikwepa. Yeye akamwambia bosi wetu, Bwana Abdulhamidi, kwamba hata cherehani ilianza kwa kuchoma watu vidole. Intaneti ilipoingia, watu wa Singida waliohamia mbali wakaanza kututumia mafaili ya miti ya koo zao. Bi Johari ndiye aliyeyapandisha kwenye tovuti ya nasaba na kuyatunza.

Kazi hiyo ilimpa aibu mara moja. Kwetu mjukuu hurithi jina la babu. Faili la Sixbert, mtu wa Mitundu, lilipokuwa linaingia, tovuti iliuliza kama Isaka huyu na Isaka yule ni mtu mmoja. Bi Johari akakubali. Babu marehemu akaunganishwa na mjukuu wake, na tarehe ya kifo ikamwangukia mtoto. Sixbert akauchapisha mti huo, akaupeleka nyumbani Krismasi.

Luciana, mama wa mtoto, alipanda basi hadi kwetu na Isaka wake mkononi. Alitufokea kwamba tumemzika mwanawe mzima, tena bila hata chai ya matanga! Bi Johari hakuisingizia mashine. Alimwomba radhi, akamnunulia Isaka soda, akaanza kufuta na kupandisha upya. Umeme ukakatika, mtandao ukagoma. Luciana hakubanduka mpaka alipoona kwenye kioo cha kompyuta Isaka wawili, mmoja marehemu, mmoja hai. Hapo ndipo alipocheka, akadai na soda ya babu.

Tangu siku hiyo, faili haliingii kabla Bi Johari hajaongea na bibi mmoja wa ukoo huo. Mashine haina bibi, ndivyo anavyosema.

Juzi aliniachia faili la mwisho: la kwetu Kilimatinde, lililotumwa na kaka yangu. Tovuti ikauliza: Febronia na Febronia ni mtu mmoja? Mmoja ni mama yangu, tuliyemzika mwaka jana. Mwingine alikuwa amelala mgongoni mwangu, jasho lake likinilowesha. Nilimgeukia Bi Johari, naye akawa anatazama dirishani, makusudi kabisa.

Nikabonyeza Hapana.

Asante, Bi Johari. Mungu akupe afya na wajukuu wengi, na mmoja wao aitwe Johari. Ila Jumatatu, tafadhali mama, simu usizime.