Vidonge Katika Kopo la Vifungo

Sogeeni wanangu, lakini dirisha hilo liacheni wazi, na kila mtu abaki amejifunika pua na mdomo kama nesi alivyosema. Sauti yangu ni ndogo na sitarudia. Wewe mwanangu mkubwa, simama pale ninapokuona. Mkwe wangu, kaa.

Cherehani zote, meza ya kukatia na chumba chenyewe atashika dada yenu mpiga pasi. Mkubwa, usininunie. Sikiliza kwanza.

Kitinda mimba wangu tulimzika kabla ya mvua, na matangani nikasikia watu wazima, wenye akili zao, wakiniambia ni mapenzi ya Mungu. Mimi Mungu namwogopa, na nimemwomba tangu nikiwa msichana. Ndiyo maana nakataa asingiziwe. Si Mungu aliyefunga madirisha ya chumba cha kushonea ili bitana, kitambaa chepesi cha ndani ya nguo, isipeperuke mezani. Si Mungu aliyesema kikohozi cha fundi ni vumbi la nyuzi tu, anywe maji ya moto aendelee na kazi. Ni sisi mafundi tuliosema hivyo, mpaka tukawa tunataniana, asiyekohoa bado hajaiva.

Mdogo wenu akiwa bado hai, wapimaji wa kifua kikuu walikuja na gari lao mpaka mlangoni. Mimi nilikuwa kwa dada yangu, namuuguza. Walitaka kumpima kila mtu, mzima na mgonjwa, bila malipo. Jirani zetu waoka mikate walitoka wote na aproni zao, wakacheka, wakapigwa picha za kifua, wakatema makohozi vikoponi. Wawili wakakutwa na ugonjwa, na hata kukohoa walikuwa hawajaanza. Wakapewa dawa mapema, na mpaka leo upande ule hakuna aliyelala kitandani kwa kifua. Kati yao na sisi ni ukuta mmoja!

Wewe mkubwa uliwaambia nini? "Sare za shule zinasubiriwa, wanaokohoa wataenda wenyewe hospitali, sisi wazima mtupishe." Yule mama mpimaji akakujibu kwa upole, "Kaka, ukisubiri mtu akohoe, ameshawapa wenzake." Ukamfungia mlango. Dada yenu mpiga pasi alikuwepo, ndiye aliyenisimulia, na alipotaka kutoka akapimwe ulimwambia, "Nenda, na pasi yako nenda nayo."

Mdogo wenu alikaa cherehani ya karibu na meza yako. Alipopimwa, damu ilikuwa imeshaanza kutoka. Mimi nilipimwa baada ya matanga, na daktari akasema mapafu yangu yameliwa sana.

Hayo ningeweza kufa nayo kimya. Lakini juzi nilitafuta kifungo cha gauni hili, nikafungua kopo la vifungo, nikakuta vidonge. Ni vilevile ninavyomeza mimi. Nikakuita, mkubwa.

"Vya nani?"

"Vyangu, mama. Lakini mimi sikohoi."

"Hospitali hawakuuliza unaishi na nani?"

"Waliuliza. Nikasema naishi peke yangu."

Peke yako! Mkwe wangu, usilie, nisikilize. Huyu analala ubavuni mwako na kumbeba mwanao kifuani, akakuficha, eti watu wasiseme. Aibu gani inayozidi jeneza la mdogo wake? Hiyo ndiyo hasira inayonifanya niongee wakati pumzi sina.

Sasa naagiza. Leo hii, kabla jua halijazama, mkwe wangu na mtoto wapelekwe wakapimwe, na wewe mkubwa uwapeleke kwa mkono wako, useme mbele ya daktari ulichokificha. Mafundi wote wafuate. Gari lile likirudi, dada yenu afungue mlango, na mashine zisimame. Bitana ikipeperuka, iwekeeni mawe.

Nikifa... ngoja nipumue. Nikifa, asibebe jeneza langu mtu wa nyumba hii ambaye hajapimwa. Kuugua si kosa, mwanangu. Ukimeza dawa zako mpaka mwisho, na mkeo akajua, nibebe wewe, mbele kabisa. Nimekusamehe mimi. Msamaha wa mdogo wako, mwombe Mungu.

Mwenyezi Mungu awape vifua vizima... awape ulimi wa kusema mapema. Mlioana, mpendane.

Mbona bado umesimama? Nenda kamchukue mtoto... Nenda, baba. Mimi nitakungoja.