Popo na Uchafu wa Darini

Wasikilizaji wapendwa, karibuni mketi. Kama uko mezani unakula, nakuomba radhi mapema: sogeza sahani pembeni, utamalizia baadaye. Kumbukumbu ya leo inatia kinyaa. Si kwa sababu ya marehemu. Marehemu alikuwa msafi kuliko wengi wetu. Ni kwa sababu ya kilichomuua.

Kabla hatujaingia hewani, meneja wa ukumbi alikofanyia kazi marehemu alitupigia simu. Sauti yake laini, utadhani anaomba mchumba. Akasema, "Jamani, mkifika pale, semeni vumbi. Vumbi linatosha." Wasikilizaji wapendwa, hatutasema vumbi. Ni mavi ya njiwa. Tutayaita hivyo mpaka mwisho, na anayetaka kukunja uso akunje.

Tunamkumbuka Popo. Alikuwa fundi wa juu. Pengine unajiuliza fundi wa juu ni nani. Ukiingia kwenye tamasha, unakuta maspika makubwa yananing'inia pande zote za jukwaa. Taa zinaning'inia. Pazia linaning'inia. Havikujipandisha vyenyewe. Kuna mtu alitangulia darini, akatambaa juu ya boriti, akazungusha waya wa chuma, akaufungia mnyororo na kuushusha kupitia tundu. Walio chini wanapachika mzigo, mashine inauvuta polepole, na yeye kule juu anasikiliza chuma kinavyolia. Akikosea, mzigo unashukia vichwa vya watu. Mtu huyo ndiye Popo, na ndiyo maana wenzake walimwita hivyo. Maisha yake yote ya kazi alikuwa darini.

Kila spana aliifunga kwa kamba kwenye kifundo cha mkono, isije ikamponyoka. Mzigo ukiwa hewani hakutaka mzaha. Wenzake wanasema hata mkwewe angepita wakati huo, asingemsalimia. Mzigo ukishatulia, hapo ndipo anageuka mtu wa watu, maneno tele, kicheko mpaka barabarani.

Mke wake ni fundi cherehani. Ametuambia hivi: "Kila simu ilipolia mchana, moyo wangu ulikuwa unaniruka. Nilijua tu, ameanguka. Mama mkwe wangu naye alikuwa akimwombea kila siku asianguke."

Hakuanguka. Narudia, maana msibani wengi waliuliza. Popo hakuanguka.

Sasa twende kwenye ukumbi wenyewe. Ni ukumbi wa kifahari. Mlangoni kuna zulia jekundu. Kuta zina vioo. Hata chooni kuna maua mabichi. Dari ni jeupe, lina pambo la dhahabu kwenye kingo, na wageni wakiingia wanalipiga picha. Hilo ndilo dari la upande wa chini. Upande wa juu, kati ya dari na bati, kuna tundu la hewa lililovunjika wavu zamani, na njiwa wamehamia. Wanalala humo. Wanazaa humo. Wanafia humo. Na wanakunya humo, wasikilizaji wapendwa, miaka nenda miaka rudi. Mavi yalifika kimo cha kiganja. Mvua ikivuja yanakuwa uji. Jua likiwaka yanakuwa unga. Ndani yake kuna manyoya, mayai yaliyooza na vifaranga vilivyokauka.

Humo ndimo Popo alimopita kwa tumbo. Alijifunga kitambaa puani, na ndani ya kitambaa aliweka ganda la limau. Ndiyo kinga aliyokuwa nayo. Akirudi nyumbani alivulia nguo mlango wa nyuma. "Nilikuwa nazinyanyua kwa fimbo," anasema mkewe, "kama mtu anayetoa nyoka ndani. Naye anajisugua kucha mpaka zinataka kutoka damu. Bado anakula kwa kijiko. Anasema hauamini mkono wake."

Hakuwa peke yake darini. Mwenzake alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye Popo mwenyewe alimfundisha kufunga kamba. Huyo wanamwita Kifundo. Walitaniana kutwa, shemeji kwa shemeji. Popo akimwambia, "Dada yako ananipikia chakula kizuri, wewe anakupikia mabaki." Kifundo akijibu, "Mabaki ya kwako, bwana, na wewe una meno ya njiwa, hutafuni kitu!"

Siku moja Popo alimfuata meneja. Kifundo alikuwepo, na ndiye aliyetusimulia.

"Bosi, juu hakufai. Kunanuka, na tunavuta ule unga."

"Mbona mimi sisikii harufu?"

"Panda basi usikie."

Meneja akacheka. "Nani anatazama juu, Popo? Wageni wanatazama jukwaa."

Popo akasema sawa, tutasafisha wenyewe, mimi na shemeji. Tupe magunia tu, tuyatoe nje. Meneja akashtuka kama aliyetukanwa. Ukumbi ule una mlango mmoja mpana, ule wa mbele. "Magunia ya mavi yapite kwenye zulia langu?" Hapo ndipo alipoanza kunuka yeye, wasikilizaji wapendwa. Zulia lilikuwa na thamani. Kifua cha mtu hakikuwa nayo. Popo na Kifundo wakaishia kuyasukumia pembeni, na njiwa wakaendelea na shughuli zao.

Kisha ikaja ile harusi.

Ilikuwa harusi kubwa, ya watu wenye nafasi zao. Popo alikuwa amefunga maspika mazito kuliko siku zote, na bendi ilipoanza, mdundo ulitikisa jengo zima. Kule darini unga ukaamka. Ukaanza kushuka kupitia yale matundu ya minyororo, mweupe, mwembamba, taratibu, juu ya meza kuu. Juu ya shela la bibi harusi. Juu ya keki. Watu wakainua vichwa. Mshereheshaji, akiwa hajui hili wala lile, akatupa macho kwa meneja. Meneja akamnong'oneza. Na mshereheshaji akapaza sauti, "Mabibi na mabwana, ukumbi umewaletea theluji!"

Wakashangilia! Shangazi wa bwana harusi alifumba macho akaacha mdomo wazi, apate kuonja. Watu walipigana picha, nywele zimejaa. Popo aliona yote kupitia tundu. Akateremka ngazi mbio, akakimbilia jukwaani akipunga mikono. Walinzi wakamdaka. "Huyu mchafu anatafuta nini humu?" Wakamtoa nje kwa kola. Nguo zake zilikuwa na kitu kilekile kilichokuwa kwenye keki. Yeye wakamwita mchafu. Keki wakaila.

"Aliporudi hakuweza kula," anasema mkewe. "Kila nikimpa sahani anaisukuma. Ananiambia, mke wangu, walilamba vidole. Walilamba vidole!"

Muda si mrefu kikohozi kikaanza. Mwanzoni akasema ni mafua. Dawa za mafua zikaisha, kikohozi kikabaki. Akakonda, suruali zikawa zinamvuka, mkewe akawa anazipunguza kwa cherehani. Hatimaye mkewe akampeleka kwa daktari, mama mmoja asiye na haraka, na yule mama akampima kifua kwa muda mrefu. Akamuuliza, "Unafuga kuku?"

"Hapana, daktari. Nafanya kazi na wanamuziki."

Walicheka wote watatu. Picha ya kifua iliporudi, hakuna aliyecheka. Daktari akawaeleza kwamba kwenye kinyesi cha ndege huota ukungu, na anayevuta unga wake kwa miaka mingi, ukungu ule unaweza kuota ndani ya mapafu. Wa Popo ulikuwa umeota pande zote mbili. Walikuwa wamechelewa.

Popo akarudi kwa meneja. Hakwenda kujiombea. Alikwenda kumwambia kwamba shemeji yake bado anapanda, na dari lisafishwe kabla naye hajaugua. Meneja akamsikiliza vizuri, akampa pole kwa mikono miwili. Akafungua kabati. Akampa kopo la manukato ya kupulizia chooni, yenye harufu ya waridi. "Mwambie apulize kabla ya kupanda."

Mkewe alilitupa kopo lile jalalani bila kulifungua. Popo mwenyewe alikaa kitandani akitazama dari la chumba chao, dari la mbao lisilo na pambo, akipumua kwa shida.

Alifariki mchana, hospitalini, mkewe akiwa amemshika mguu kwa sababu mikono ilikuwa na mipira ya dawa. Neno lake la mwisho kwa Kifundo lilikuwa, "Usipande." Kifundo akaitikia, "Sipandi, shemeji." Lakini Kifundo ana nyumba ya kulisha, na wiki ileile alipanda. Siku ya mazishi, udongo ukiwa unarudishwa kaburini, akakohoa. Mara moja tu. Dada yake akageuka akamtazama, na kuanzia hapo, anasema, hakusikia tena hata neno moja la hotuba.

Baada ya mazishi meneja alifika nyumbani na shada la maua. Alikuja na wazo. Ukumbi ungefanya hafla ya kumuenzi Popo, na picha yake, kubwa kama ukuta, ingening'inizwa katikati, juu ya viti, taa zikiimulika. Kaka wa marehemu akafurahi. "Ni heshima kwa ukoo wetu, shemeji. Lini jina letu liliwahi kuingia pale kwa mlango wa mbele?"

Mjane alikuwa ameketi kwenye kiti cha cherehani yake. Akauliza swali moja. "Nani atapanda kuitundika?"

Meneja akamwangalia Kifundo. "Si huyu hapa, mama? Nyumba ni moja."

"Nitapanda, dada," Kifundo akasema. "Ni ya shemeji. Siwezi kumwachia mtu mwingine."

"Hupandi."

"Dada, ni mara moja tu..."

"Nimesema hupandi!" Kisha akamgeukia meneja. "Mume nimeshawapa. Ndugu yangu siwapi. Beba maua yako uende."

Kaka wa marehemu alitaka kuweka mambo sawa, akaanza na "Lakini shemeji," akatazamwa jicho moja tu, akarudi nyuma. Meneja akabeba maua yake.

Kesho yake mjane alimburuta Kifundo kwa yule mama daktari. Ukungu ulikuwa umeshaanza, wasikilizaji wapendwa. Umeshaanza, ila umewahiwa. Kifundo yuko kwenye dawa na daktari anasema atapona. Kutoka hospitali dada mtu akapita naye vijiweni kwa mafundi wenzake wa juu, mmoja baada ya mwingine, akawasimulia. Wakakata shauri. Hakuna kupanda pale. Na tamasha kubwa lilikuwa linakaribia, mabango yameshabandikwa mji mzima. Maspika yakafika, yakashushwa, yakakaa sakafuni. Meneja akabembeleza, akatisha, akabembeleza tena. Hakuna aliyepanda.

Ndipo dari likasafishwa. Wakaletwa watu wa kazi hiyo, wamevaa mavazi meupe kuanzia utosini hadi miguuni, miwani mikubwa, barakoa zenye makopo ya kuchujia hewa. Kumbe vitu hivyo vipo! Vipo, na vinapatikana, na vilipatikana wakati wote Popo alipokuwa anatambaa na ganda la limau puani. Magunia yakaanza kutoka. Yakatoka kwa mlango ule mmoja, juu ya zulia jekundu, yakapangwa kwenye maegesho mpaka magari yakakosa nafasi. Inzi wakajaa. Wapita njia wakavuka barabara.

Mjane alikuwepo siku hiyo. Alikuwa amekuja kuchukua mkanda wa kupandia wa mumewe, uliobaki stoo. Meneja akamwona, akamjia huku ameziba pua kwa leso.

"Mama, kwa kweli sikujua," akasema. "Kumbe yalikuwa mengi hivi! Lakini sasa tumemaliza. Haya ndiyo yote."

Mjane akayatazama magunia.

"Siyo yote," akasema. "Mengine tumeyazika."

Wasikilizaji wapendwa, kituo hiki kinatoa pole kwa mjane, kwa mama mzazi wa marehemu, kwa kaka yake na kwa ukoo mzima. Kifundo, tunakuombea afya, na umsikilize dada yako. Kwa mafundi wa juu mlioko kazini saa hizi, poleni kwa kumpoteza mwenzenu, na asanteni kwa kukataa.

Na wewe unayetusikiliza, labda mwisho wa wiki hii una harusi, au mkutano, au unakwenda kumwona mwanamuziki umpendaye. Ukiketi, kabla taa hazijazimwa, inua macho. Juu ya kichwa chako kuna vitu vizito na havijaanguka, kwa sababu kuna mtu alivifunga vizuri. Mwite mwenye ukumbi umuulize mtu huyo alivuta hewa gani. Akikujibu kwamba ni vumbi tu, mwombe ngazi, upande naye ukaone.