Mwalimu Severina, Mama wa Ole na Wesha

Padre wetu, Mheshimiwa Sheha, wazee wa Madungu, ndugu mliovuka bahari kutoka Morogoro na Same, na nyinyi mabinti wa Ole na Wesha mliosimama kule nyuma ya turubai, familia inaomba utulivu wenu, ili tuipitie pamoja njia aliyoipita mpendwa wetu Mwalimu Severina Damian Mloka, mke wa Bwana Heriel Mbwambo, ambaye leo tumekuja kumlaza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Mgeta, mkoani Morogoro, akiwa mtoto wa tatu wa hayati Mzee Damian Mloka na Bibi Anjela, ambaye yu hai lakini umri haukumruhusu kusafiri. Mgeta ni nchi ya milima, na asubuhi ukungu hushuka juu ya mashamba ya kabichi mpaka watoto wanaokwenda shule husikia sauti za wenzao kabla hawajawaona, na marehemu alizoea kusema kwamba kumbukumbu yake ya kwanza kabisa ni kusikia akiitwa jina lake ndani ya ukungu ule, asijue sauti inatoka upande gani, akasimama tu pale pale akitabasamu, akingoja yule anayemwita atokeze.

Alisoma shule ya msingi Mgeta kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, kisha sekondari mjini Morogoro hadi kidato cha nne mwaka 1986, na huko ndiko alikorefuka ghafla akawapita wasichana wote, akatiwa katika timu ya mpira wa pete, ikaonekana kwamba mkono wake ukiachia mpira, mpira unakwenda juu polepole kama usio na haraka ya kurudi, halafu unaingia.

Mwaka 1987 aliajiriwa na kiwanda kimoja cha nguo mjini Morogoro, cheo chake kikiwa karani wa stoo, ingawa kila mtu alijua kilichomleta ni mkono ule, maana miaka ile viwanda vilikuwa na timu za wasichana, na timu ilibeba jina la kiwanda. Alicheza hapo mpaka mwaka 1994 kiwanda kilipofungwa. Asubuhi hiyo wachezaji walikuta geti lina kufuli, mipira na jezi ziko ndani, na mlinzi, aliyewajua wote, akawaambia kwa huruma, "Dada zangu, hakuna kiwanda, basi na timu hakuna." Marehemu hakulilia kazi, alilia jioni ya siku ya pili yake alipopita sokoni, akakutana na watu waliokuwa wakimshangilia, wakamsalimia vizuri, wakamuuliza habari za nyumbani, wala hakutokea hata mmoja wa kumuuliza timu imekwenda wapi, kwa kuwa haikuwa timu ya mji, ilikuwa timu ya kiwanda, na kiwanda kimekufa.

Alijiunga na chuo cha ualimu mwaka 1995, akahitimu mwaka 1996, na tarehe 26 Aprili 1997 alifunga ndoa takatifu huko Mgeta na Bwana Heriel, kijana wa Same aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha hali ya hewa, ambaye kwa maneno yake mwenyewe alikwenda kupima mvua akakuta jua. Mungu aliwajalia watoto wawili, Anjela aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1998, na Damian aliyezaliwa tarehe 19 Julai 2002, wote wawili hapa hapa Chake Chake, kwa sababu Januari ya mwaka 1998 Bwana Heriel alihamishiwa kituo cha uwanja wa ndege wa Pemba, na marehemu akamfuata, wakapanga nyumba Madungu, mtaa huu tuliokaa sasa.

Wiki ya kwanza alidhani jirani ana arusi, kwa harufu ya viungo iliyojaa ndani ya nyumba mchana kutwa, mpaka alipotoka nje akaona karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kuanzia mlangoni hadi barabarani, akavua viatu ili apite pembeni bila kuzikanyaga, na mwenye karafuu, Bi Kazija, ambaye shamba lake liko Ole, akamwambia, "Huyu wa bara ana adabu, mpeni kahawa." Ndivyo walivyojuana, na ni Bi Kazija aliyemwambia kwamba skuli ya Ole inatafuta mwalimu, naye akafundisha hapo mpaka alipostaafu kwa sababu ya maradhi mwaka 2023.

Mwaka 2003 alianzisha timu ya wasichana wa mpira wa pete katika uwanja wa skuli, wakicheza na mitandio yao na suruali ndefu chini ya magauni, wakiongozwa na Shadya, binti wa Bi Kazija, na mfungaji wao akiwa Khairat, msichana mwembamba aliyekuwa akisoma Ole na kulala kwa mama yake mkubwa, lakini kwao ni Wesha, kule bandarini, binti wa Mzee Nassor, mvuvi. Marehemu alisema baadaye kwamba alipomwona Khairat akiachia mpira kwa mara ya kwanza alijiona mwenyewe kwa mbali, kama anayetazamwa kutoka ng'ambo ya bonde.

Kwa miaka mitatu timu ile haikuwa na jina, watu wakiiita tu wasichana wa Mwalimu, na pengine ingeendelea hivyo kwa raha, ila mwaka 2006 ilitakiwa iandikishwe kwenye mashindano ya wilaya. Wazazi wakaitwa darasani Ijumaa moja alasiri, wengine wakataka jina la nyota, wengine la ua, na Bi Kazija akapendekeza liwe jina la Mwalimu mwenyewe, lakini marehemu akasimama akawasimulia habari ya geti na kufuli, kisha akasema, "Mimi nitaondoka au nitakufa, na ua hunyauka. Muiite Ole. Ikiitwa Ole, siku ikipotea, watu wa Ole watauliza iko wapi." Darasa likapiga makofi, isipokuwa Mzee Nassor, aliyengoja kelele zitulie akasema kwa upole, "Mwalimu, mie sina ugomvi na Ole, shemeji zangu wako hapa. Lakini mwanangu kwao Wesha, na weye wataka avae kifuani jina la kwa watu. Mie bandarini nitasema nini?"

Marehemu aliwahi kukiri baadaye kwamba yule mzee alikuwa akisema jambo lile lile alilolisema yeye, ila amesimama upande wa pili. Jina likapita kwa wingi wa mikono, na Jumatatu Khairat alikuja mapema, akaikunja jezi yake ya mazoezi vizuri, akaiweka juu ya meza, akasema, "Shikamoo Mwalimu, baba kakataa," akatoka kabla hajaitikiwa. Nyumbani jioni Bwana Heriel alimtania kidogo ili apate kula, akamwambia, "Umepata jina, umepoteza mfungaji," naye akajibu, "Mfungaji atapatikana, Heriel. Nimempoteza mtoto."

Miaka ile alikuwa na mazoea ya kubaki uwanjani wasichana wakishaondoka, akisikiliza, na akiulizwa anasikiliza nini husema hajui, na waliomjua walihisi anangoja mtu atokeze. Alitokeza mwaka 2009. Khairat, akiwa sasa msichana wa miaka ishirini, alikuwa amekusanya mabinti wa wavuvi na wachukuzi wa bandarini, fundi wa mashine za boti akawachomelea pete za chuma, na wakaandikisha timu kwa jina la Wesha, wakaomba mechi yao ya kwanza ichezwe Ole.

Waliokuwepo siku hiyo wanaikumbuka kama watu wanavyoikumbuka ndoto ya asubuhi, manyunyu yakishuka huku jua linawaka, wanawake wa Wesha wakiwasili na lori wakiimba, wanawake wa Ole wakiwaitikia kutoka mashambani kabla hawajawaona, na Mzee Nassor ndani ya kanzu nyeupe akipiga kelele "Wesha! Wesha!" mpaka kofia ikamwanguka. Marehemu alisimama kwenye mstari na filimbi yake shingoni, na kila mpira ulipopanda juu, kama alivyosimulia baadaye, ulikawia sana huko, akapata nafasi ya kujiuliza anataka uingie au usiingie, na kabla hajaamua ulikuwa umeshaingia. Wesha walishinda. Khairat akamwendea akihema, akamuuliza, "Mwalimu, umekasirika?" naye akamwambia, "Ningekasirika kama ungekosa," wakashikana mikono wakabaki hivyo, huku Bi Kazija akiwatandikia wageni majamvi ya karafuu wakae, wale wale ambao miaka yote walikuwa wakipitana nao Chake Chake sokoni bila kujuana majina. Kuanzia hapo kila mwaka palikuwa na mechi moja Ole na nyingine Wesha, na Shadya aliolewa Wesha na Hafiz, mdogo wake Khairat, jambo lililompa Bi Kazija taabu ya kuchagua upande wa kukaa siku ya mechi.

Mwaka 2014 wasichana wa timu zote mbili walichaguliwa katika timu moja iliyokwenda mashindano ya bara kwa jina la Pemba, marehemu akiwa mwalimu wao, na safari hiyo iliwafikisha Morogoro, mji wake. Mjomba wake, Mzee Elikana, aliteremka kutoka Mgeta na ndugu wengi, wakaja kuishangilia timu ya Morogoro iliyocheza na Pemba, na katikati ya mchezo akamsogelea akamuuliza kwa utani, "Severina, wewe leo wa nani?" Akajibu "Pemba" kabla hajafikiri, kisha akaugeukia tena uwanja, na usoni alionekana kama mtu aliyeitwa kwa jina lake akajua sauti inatoka upande gani.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwezi Mei 2023, akatibiwa hospitali ya Chake Chake na baadaye Unguja, akawa anapata nafuu na maradhi yanarudi tena. Alasiri ya tarehe 8 Septemba 2025, akiwa kitandani na Shadya na Khairat wako pembeni, alifungua macho akasema anasikia filimbi, ingawa siku hiyo hapakuwa na mechi mahali popote, akauliza nani wanacheza. Wakamwambia Ole na Wesha. Akauliza nani anashinda, na kwa pamoja Shadya akasema Ole na Khairat akasema Wesha, naye akacheka, cheko la mtu mzima wa afya, akalala. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 9 Septemba, akafariki dunia.

Kwa desturi ya Waluguru, kabila la marehemu, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na Mzee Elikana alifika jana akiwa na agizo la kumrudisha Mgeta. Kikao cha ndugu kikiendelea ndani, watu wa Ole na wa Wesha walikuwa wamekaa nje, na aliyeomba kuingia ni Mzee Nassor, ambaye kwa sasa hutembea kwa fimbo, akamwambia mjomba, "Mzee mwenzangu, mie ndiye nilomkatalia jina. Sikuja kuwanyang'anya mwana wenu. Nimekuja kukwambieni kuwa akichukuliwa, kuna watu watauliza yuko wapi." Mzee Elikana aliomba atoke nje kidogo, na aliporudi alisema azikwe hapa. Wapo ndugu Mgeta ambao hawajaafiki, na familia haiwalaumu, inawaomba subira.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Chake Chake na Unguja, walimu wenzake wa skuli ya Ole, Padre na waumini, na majirani wa Madungu, Waislamu na Wakristo, waliopika, waliochota maji, waliokesha na sisi. Ameacha mama, mume, watoto wawili, na timu mbili, ambazo zimeomba ziubebe mwili zenyewe kutoka hapa hadi makaburini, na zimekubaliwa.

Mwalimu Severina wa Pemba, pumzika kwa amani.