Kode ya Kétsia

Tulitoka Mubi juu ya lori Fuso, tumekalia mifuko ya chumvi ya Mama Kavuo. "Mutoto wangu Kétsia iko Goma," alisema. "Fondasyo moja, shirika la musaada, inamulipia masomo ya kulinda telefone. Yangu aliifunga na kode, namba za siri. Mwizi hawezi kuisoma."

Papa Apollinaire, mulimaji wa Kibabi, akaguna. "Hiyo iko dawa ya mwizi wa Ulaya. Wetu iko na bunduki kwa bariyere, pale wanafunga njia. Akikuta telefone ya kufungwa, anasema uko mupelelezi."

"Nitamufungulia."

"Kode unaikumbuka?"

Mama akaitoa, akaminya namba, ikakataa. "Nilitaka mwaka wake wa kuzaliwa. Alikataa, eti iko rahisi sana."

Mimi, ambaye hakuna fondasyo iliyonisomesha, nilikuwa nimeshafuta yote ndani ya telefone yangu, hata picha za harusi.

Mama alikuwa angali anajaribu namba Fuso iliposimama kwa bariyere.