Banda ni la Kuku

Ulikuwemo behewani, ukajifanya hukusikia. Mpima ardhi alimtania dobi aliyeketi mbele yake: "Mama, pesa isingekuwa tatizo, ungehamia wapi?"

"Nisingehama, mwanangu. Ningebaki nyuma ya kiwanda cha sabuni, kwenye vyumba vitatu nilivyojenga kwa kufua nguo za watu."

"Kule? Si mabanda tu yale?"

"Kumbe ndiwe uliyepita kwetu na fomu. Banda ni la kuku, baba. Uliandika banda ili tubomolewe bila fidia?"

"Niliagizwa hivyo, mama."

"Basi futa, uandike nyumba. Kalamu si hiyo mfukoni?"

Kijana akageukia dirishani. Treni ikasimama, dobi akashuka peke yake. Tingatinga linafika kwake kesho asubuhi. Inuka sasa hivi, umfuate, ukasimame naye mlangoni.