Dubu wa Kina Rainthaler Asigeuzwe

Benchi letu liko mbele ya duka la mikate, linatazamana na nyumba ya kina Rainthaler, na kila asubuhi tunakunywa kahawa macho yakiwa kwenye ngao yao ya jiwe juu ya mlango, alama ya ukoo wao: dubu mweusi kashika ufunguo. Jumanne mzee Wendelin kafariki, mwanamume wa mwisho wa ukoo. Hapa kwetu Tirol, milimani, huyo akizikwa, ngao inageuzwa kichwa chini, ukoo umefungwa. Lakini binti yake, Notburga, yupo, mzima wa afya, anakamua ng'ombe kumi na wanne. Ndiyo maana leo kijiwe kimechafuka. Mimi shule niliikimbia mapema, ila kwa ubishi hapa hakuna wa kuniweza.

— Kesho naigeuza kabla jeneza halijatoka, akasema Alois, fundi mwashi, tunamwita Nyundo. Mila ni mila.

— Dubu asimame kwa kichwa kama mlevi? nikamuuliza.

— Wewe dogo, unajua maana ya yule dubu? Babu yao alimnyonga kwa mikono. Ule ni ukoo wa wanaume.

Tarishi mstaafu, tunayemwita Barua, akagonga kikombe.

— Alimnyonga wapi? Dubu alikuwa mlinzi wa ghala la chumvi la askofu. Huoni ufunguo?

— Dubu alinde chumvi? akauliza Nyundo. Nani alimwajiri?

— Askofu mwenyewe. Akamwapisha.

— Akamwapisha dubu?

— Kwa Kilatini, akasema Barua, na wala hakucheka.

Nyundo shingo ilishamvimba.

— Upuuzi mtupu. Ufunguo ni wa lango la mji. Kina Rainthaler walifungia jeshi zima nje, likafa kwa baridi. Ule weusi wa dubu ni damu iliyoganda.

— Watu wamekufa kwa baridi, damu imetoka wapi?

— Funga mdomo. Shule imekushinda, leo unanifundisha kazi yangu.

— Kazi yako imekuwa kumzika mtu aliye hai.

Akanyanyuka anikunje. Hapo Notburga akatoka dukani, kitambaa cheusi kichwani, kapakata mikate ya msiba. Alikuwa amesikia yote.

— Mzee Alois, naomba nikuulize kitu kimoja. Kesho ukishaigeuza, tukirudi makaburini, mimi nitaingia mlango ule kama nani?

Nyundo akamwangalia Barua. Barua akaangalia viatu vyake. Mimi, na mdomo wangu wote huu, nikasogea kumpisha kwenye benchi.

— Nasubiri, akasema Notburga.

Nyundo akainua kikombe akanywa. Kilikuwa kitupu.

— Basi sikilizeni, akasema Notburga. Ngazi ya kufika pale juu ni moja tu mtaa huu, ni yetu. Nimeilaza zizini, kwa fahali. Anayeitaka aingie akaichukue.